Tunatafuta pa kuzeekea: daftari la kuhama Mbagala

14 Januari 2024, Mbagala

Leo baada ya ibada tumekaa mezani na mzee, mume wangu, tukafungua kaunta buku jipya. Ukurasa wa kwanza ameandika yeye, kwa ule mwandiko wake wa karani: "Mradi wa Kuhama." Mimi nastaafu Juni 2025 nikitimiza miaka 60, baada ya miaka 34 ya uuguzi, mingi yake wodi ya wazazi. Yeye alishastaafu bandarini, na kazi yake kwa sasa ni kulalamikia muziki wa baa iliyofunguliwa nyuma ya ukuta wetu. Tunataka kijiji chenye utulivu. Hapo hatubishani. Mengine yote tunabishana.

Kila mtu anatuuliza kwa nini tusirudi nyumbani. Nyumbani kwa nani? Mzee ni Mchagga wa Machame, wa tatu kati ya wavulana watano. Anayejua mila za kule ameshaelewa: wa kwanza ana fungu lake, kitinda mimba anabaki na nyumba ya wazazi, wa katikati wanajitafutia. Kihamba, yaani shamba la ukoo, kimegawanywa mpaka cha kwake ni migomba kumi na miwili na kipande cha mfereji. Kwetu ni Newala, mkoani Mtwara. Huko nafasi ipo na mikorosho ipo, ila nimekulia juu ya uwanda wa Makonde, ambako wewe uko juu na maji yako bondeni. Nilianza kupanda ule mteremko na ndoo kichwani nikiwa na miaka saba. Nimemwambia mzee kwamba popote tutakapokwenda swali langu la kwanza ni maji, na sitaki kusikia "mradi uko njiani".

Masharti ya leo: maji ya mwaka mzima, dawa zake za presha zisizidi nusu saa, barabara inayopitika masika, bei tusiyoikopea. Mimi nimeongeza moja kwa kalamu nyekundu: tusijenge chini ya mlima tusioujua. Matope ya Hanang yalishuka Katesh tarehe 3 Desemba, zaidi ya watu 80 wakafa, na zile picha bado hazijanitoka machoni.

9 Machi 2024

Mwezi mzima wa madalali wa kwenye simu. Kwao kila shamba liko "dakika tano kutoka lami". Siku hizi nawauliza, dakika tano kwa gari, kwa pikipiki, au kwa mdomo? Wengi hawapigi tena.

Tumebaki na majina manne: Njombe, Mgeta, Pangani, Lushoto. Newala nimeiacha kwenye orodha kwa adabu tu.

11 Mei 2024

Dada yangu alikuwa aje wiki hii kutoka Newala. Kimbunga Hidaya kimepita, mvua ikakata barabara ya Lindi pale Somanga, na yeye akakwama upande wa kusini. Mzee hakusema kitu. Akachukua rula, akaikata Newala kwa mstari ulionyooka. Najua ana haki, lakini angeweza kuninong'oneza kwanza.

6 Julai 2024, Njombe

Tumekuja makusudi wakati wa baridi, maana mahali unapaangalia katika mwezi wake mbaya. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na asubuhi ya kwanza tuliamka nyasi zote nyeupe kwa sakitu. Mzee akatoka nje na fulana, akavuta pumzi kama mtu aliyerudishiwa haki yake. Alitembea hadi sokoni akisalimia "kamwene" kwa kila aliyepita, wakamwitikia kwa furaha, na nikaona mashaka yangu yanaanza kukosa mtetezi.

Mji unanipendeza kweli. Viazi, mbao, chai ya Luponde, na sasa parachichi kila upande. Hizo parachichi ndizo zimepandisha bei za mashamba. Mzee mmoja ametuambia eneo alilouza kwa bei ya baiskeli miaka ile leo asingeweza kulinunua mwenyewe.

Usiku wa pili mwenyeji wetu, kwa ukarimu, akatuletea jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha vizuri. Nililitoa nje nikiwa na khanga tu. Nimepokea familia nzima hospitalini kwa sababu ya jiko la namna hiyo. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukuamsha. Nimemweleza mama mwenye nyumba taratibu, akashukuru, akaniongezea mablanketi mawili.

Siku ya tatu magoti ya mzee yalivimba. Ya nne akashuka ngazi kwa makalio kama mtoto. Yeye anasema ni safari ndefu ya basi. Nimeandika "magoti" na kupigia mstari mara mbili.

24 Agosti 2024, Mgeta

Kwa treni ya umeme Dar hadi Morogoro ni chini ya saa mbili, mzee hakumaliza hata gazeti. Wajukuu wanaweza kuja Ijumaa na kurudi Jumapili. Hilo peke yake liliipa Mgeta alama nyingi kabla hatujafika.

Ukiacha barabara kuu pale Sangasanga unaanza kupanda Uluguru, na kila kona unayopita inakuwa ya kijani zaidi kuliko iliyopita. Nyandira wanalima kabichi, njegere na karoti kwenye miteremko ambayo mimi ningeogopa hata kuisimamia. Tukanywa maziwa ya mbuzi. Mbuzi wenyewe asili yao ni Norwei, waliletwa miaka ya themanini kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine, na wamekubali milima kuliko mzee alivyokubali Njombe. Maji yanatiririka pembeni ya njia. Nilinawa mkono katika kila kijito, bila haja.

Tulipokuwa tunashuka, lori la kabichi limevunjika ekseli katikati ya kona na kufunga njia yote. Saa nne nzima. Watu wakashuka, wakanunua mahindi ya kuchoma, wakapiga soga, mzee akapata rafiki wa kudumu. Mimi nilikaa kwenye jiwe nikiangalia saa. Nilikuwa nimemwona mama aliyejifungua akivuja damu. Hakuwepo pale barabarani. Alikuwa wodini kwangu, miaka mingi iliyopita, aliletwa kutoka mbali na gari lililokwama njiani. Mtu anayevuja damu hana saa nne. Wala mwenye presha aliyeanguka chooni hana.

Nimefika nyumbani nimeongeza safu mpya kwenye daftari, nimeiita "usiku". Maana yake: saa nane za usiku, mvua inanyesha, mzee ameanguka. Itachukua dakika ngapi kufika kwa daktari, na nani atamshika upande wa pili?

Mzee amesema safu hiyo inatisha. Nikamjibu hata yeye anatisha akianguka.

12 Oktoba 2024, Pangani

Siku mbili zilitosha. Samaki wazuri, minazi, mto mpana, mji wa zamani unaochakaa polepole bila fujo; mimi ningebaki. Lakini kisima cha kwanza kilikuwa na chumvi, cha pili pia. Dalali alitaka kutuuzia kiwanja kinacholowa maji ya bahari yakijaa, wakati sheria ya mazingira inataka mita 60 ziachwe kutoka ufukweni. Na mzee alitoka jasho mchana na usiku kama mtungi. Tumepanda gari la Tanga kabla hajayeyuka.

23 Novemba 2024

Hakuna safari, ila kuna kikao, na kilikuwa kizito kuliko safari zote. Mashemeji zangu wawili wamekuja kutoka Machame. Wamekula, wamesifu pilau, kisha mkubwa akaweka kijiko chini akamuuliza mdogo wake: "Ukinunua ardhi ya watu, utazikwa wapi?"

Watoto nao walishauliza yao. Wa Mwanza: "Mnaenda kwa nani huko?" Sisi wenyewe tulishazunguka hilo bila kuligusa. Kwa Wachagga mtu anazikwa kihambani kwake, na mtu mzima anayenunua shamba Usambara, kule Lushoto, akiwa na mvi anaonekana kama anahamisha kaburi.

Mzee alikaa kimya muda mrefu. Akasema ile migomba kumi na miwili haiuzi wala haimpi mtu. Siku yake ikifika wampeleke pale, nafasi ya mtu mmoja inatosha, na mimi nikitaka tutabanana. Kabla ya siku hiyo lakini ana miaka ya kuishi, na migomba kumi na miwili haimpi pa kuweka hata kitanda. Shemeji mkubwa akatikisa kichwa, akakubali, kisha akaomba pilau tena. Nimeandika kwenye daftari: "Kaburi limepatikana. Tunaendelea na nyumba."

21 Desemba 2024, Lushoto

Mombo, na ile barabara inayojipinda juu kwa juu. Watoto wanainua vikapu vya plamsi na peasi hadi dirishani. Ukiwa Mombo unajipepea. Ukifika Lushoto, karibu mita 1,400, unatafuta sweta. Ni baridi ya kistaarabu, haitafuti magoti.

Tulianza na Mtae kwa sababu kila aliyewahi kufika alituambia tuanze Mtae. Ni kweli. Kijiji kimekaa kwenye mgongo wa mlima, ukichungulia unaona tambarare za Mkomazi chini mpaka macho yachoke. Mzee alisimama pale nusu saa. Nami nilisimama, kisha nikamwuliza kondakta basi la kushuka Lushoto mjini linachukua muda gani. Akasema saa tatu, mvua isiponyesha. Nikafunga daftari. Mzee alinielewa bila neno, ila njiani kurudi hakunisemesha mpaka Lukozi.

Tukiwa tunarudi Dar basi likasimama Soni, abiria wapate chai. Soni huwa ni pa kupita tu: soko, maporomoko ya maji, njia panda ya kwenda Bumbuli. Hakuna mtu aliyetuambia tuangalie Soni. Mimi nikaangalia: lami iko hapa. Lushoto kuna hospitali ya wilaya, Bumbuli kuna hospitali ya Kilutheri, na sisi tuko katikati ya hizo mbili. Na kila nyumba ina mgomba.

Mzee akasema, "Hapa hakuna mandhari." Chai yenyewe ilikuwa nzuri.

15 Februari 2025, juu ya Soni

Tumepanga nyumba ya vyumba viwili kwenye kijiji kilicho juu ya lami, sikitaji kwa sasa maana bei zina masikio. Elfu 60 kwa mwezi. Nimechukua likizo yangu yote iliyobaki. Ushauri kwa yeyote anayefikiria haya mambo: panga nyumba kwanza, ikiwezekana upitie masika. Shamba ulilolitembelea mara moja ni picha tu.

Februari ni kiangazi kati ya vuli na masika. Nimekwenda kwenye chemchemi na dumu la lita 20 na saa ya mkononi: dakika 1 na sekunde 50 kujaa. Vijana waliokuwa wanachota walinitazama kwa huruma. Nitapima tena Septemba, wakati chemchemi dhaifu zinajulikana.

Shamba la kwanza limetuponyoka. Mteremko mzuri, bei nzuri, warithi sita. Watano walikuwepo siku ya makubaliano wakiwa wamevaa vizuri. Wa sita yuko Dar, akapiga simu kusema hajauza na hatauza kaburi la babu yake. Watano wakasema atalegea. Mzee alitaka kungoja. Mimi sikutaka hata kungoja chai, maana huyo wa sita ndiye atakayekuja na mawakili sisi tukiwa na miaka 75. Hatukuwa tumetoa hata senti, tukasalimiana vizuri na kuondoka.

La pili tulilikataa wenyewe. Mzee mmoja wa hapa alitupitisha, akasimama mbele ya mikaratusi mitatu, akatuonyesha mashina: yote yamepinda kwenye kitako kisha yakanyooka juu. Akasema udongo huo unatembea, miti inajirekebisha kila mwaka. Muuzaji alikuwa amesimama palepale. Hakukanusha.

19 Aprili 2025

Masika yameshika. Njia ya kwetu ni utelezi mtupu na nimejifunza kutembea kama bata. Tangu wajue mimi ni nesi, jioni wanapita wawili watatu kupimwa presha kwa mashine ya mzee. Hawalipi, ila maboga yamejaa jikoni.

Usiku wa kuamkia jana nimefanya lile jaribio. Nilikuwa nimempa mzee taarifa, akasema asishirikishwe, akalala. Saa nane kamili mvua ilikuwa inapiga bati. Nikampigia kijana wa bodaboda ambaye tuna namba yake. Akapokea mlio wa tatu. Dakika tisa akawa mlangoni, amevaa nailoni kichwani, ananiuliza: "Mgonjwa yuko wapi, mama?"

Nikamwambia mgonjwa ni mimi, wa mwaka 2035. Akaniangalia. Nikampa elfu tano ya usiku mkononi, akapakia.

Dakika 14 hadi lami, mara mbili nilishuka kusukuma. Pale alikuwa ameshamwamsha rafiki yake mwenye gari. Tangu nilipopiga simu mpaka geti la hospitali Lushoto: dakika 58. Si kidogo. Lakini nimeyaona ya Mbagala, foleni ya Kilwa Road saa moja jioni, mgonjwa ndani ya bajaji, na yalikuwa zaidi ya hayo.

Niliporudi ndipo nilipoona aibu. Taa zote za nyumba tatu za jirani zilikuwa zinawaka. Bibi wa nyumba ya juu alikuwa sebuleni kwetu na tochi, na wajukuu zake wawili wamesimama mlangoni wameloa, wameshika miti miwili na blanketi. Machela. Walisikia pikipiki usiku wakajua mzee ameanguka na boda imeshindwa kumbeba. Mzee alikuwa amekaa kwenye kochi na pajama, anaeleza kwa mara ya nne kwamba yeye ni mzima.

Asubuhi nimepanda kwa bibi na kilo mbili za sukari kuomba radhi. Alizipokea. Akasema: "Siku nyingine ukifanya mchezo utuambie mapema, ili tusimwamshe na yule wa mguu mbaya."

Kwenye safu ya "usiku" nimeandika 58, halafu nikaandika "watu wanne". Mzee amesoma. Ameuliza kama yule bibi anajua shamba linalouzwa.

28 Juni 2025, Mbagala

Nimestaafu. Keki, khanga, hotuba ndefu. Mafao bado. Mimi niliyekuwa mfuko wa pensheni wa PSPF, sasa PSSSF, kikokotoo, ile hesabu ya mafao, ndicho kimenipangia ramani ya nyumba: kwa ule mkupuo wa asilimia 33 tulikuwa na vyumba viwili na choo, bajeti ya Juni 2024 ilipoupandisha kuwa 40 tukapata jiko, na milango ya sentimita 90. Fundi aliuliza milango mipana hivyo ni ya kupitishia nini. Kiti cha magurudumu, nikamwambia. Akauliza cha nani. Watu wanapenda sana kuniuliza mgonjwa ni nani.

Nyumba ya Mbagala tumepata mpangaji. Hana tatizo na muziki, ndiye mwenye baa.

16 Agosti 2025

Shamba limepatikana kwa binamu wa bibi, karibu nusu eka, na kuna kipande bapa cha kutosha nyumba. Milioni sita na nusu. Mashina ya miti yamenyooka. Nimeyakagua moja moja.

Hii ni ardhi ya kijiji, kwa hiyo mambo yanakwenda kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, siyo kwa kupeana mikono. Sisi ni wageni, tukaandika barua ya maombi kwa halmashauri ya kijiji. Majirani wa mipaka yote minne wamesimama kwenye mipaka yao, na mke wa muuzaji na watoto wake wakubwa wamesaini. Muhtasari wa kikao tunao. Majina kwenye hati ya hakimiliki ya kimila yatakuwa mawili, la mzee na langu. Karani alikuwa ameshaandika moja, akarudia.

Kiongozi mmoja alitaka asilimia kumi ya bei, "ndiyo utaratibu". Nikamwomba kwa upole aniandikie stakabadhi na kifungu. Asilimia kumi ikageuka posho ya kikao, ikapungua mbele ya macho yetu, na stakabadhi ikapatikana. Mzee alinibana mguu chini ya meza muda wote. Nina alama.

20 Septemba 2025

Chemchemi, mwisho wa kiangazi: dumu la lita 20 kwa dakika 2 na sekunde 40. Imepungua, lakini inatoka. Bibi anasema tangu aolewe hapa haijakauka. Tunaweka simtanki ya lita 5,000 na mifereji ya bati kwa maji ya mvua, kwa sababu mimi bado ni mtoto wa Newala.

Nguzo ya umeme iko karibu, kuunganishwa ni shilingi 27,000. Mawe ya msingi yameanza kushushwa, tripu ya tatu leo. Fundi anakuja Jumatatu.

Mzee amerudi jana kutoka Machame na gunia la machipukizi ya migomba yake, matano. Kondakta alimtoza nauli ya mzigo iliyokaribia ya mtu. Leo asubuhi, kabla ya chai, kabla hata hatujajua mlango wa nyumba utaangalia wapi, amepanda manne. La tano limeoza njiani. Nalo amelipanda.